Mashini ya Gérard mu Kilio cha Liévin

Hii alinielezea Ngalula mwenyewe, juzi, tukichambua maharagi ku barza yangu. Anaijua muzuri, kwa sababu ndiye alisimama ku mulango.

Bantu balikuwa bangali mu kilio cha Liévin wakati mashini ya Gérard ilianza kulia, muchana kweupe.

Sisi wote tunajua: muntu akikufa ku avenue, hakuna muziki, hakuna kutwanga, hakuna kazi ya makelele mpaka kilio kiishe. Na Gérard, bwana ya Ngalula, alikuwa anachonga puli ya fonte, kile chuma cha kuyeyusha, ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba yake, ukuta mumoja tu na bale benye kulia. Tena Liévin alikuwa mwenzake wa kazi. Balizeekea pamoja ku ile mashini.

Vijana ba kilio bakafika. Mbele yao Djo, mudogo wa marehemu, mutalimbo mu mukono. Ngalula akaziba mulango wa atelier, chumba cha mashini, na mwili wake.

— Mama Ngalula, pisha. Ile mashini tunaivunja.

— Djo, ni yenyewe inatulisha. Kama iko nguvu inakusumbua, vunja dirisha.

— Mama yetu hajafunga jicho tangu Liévin afe. Mama ya marehemu hatoke ku kilio, unajua. Leo bamama bamemulaza mu chumba, banakataza hata batoto kukohoa. Na bwana yako anamupigia makelele?

— Mungoje kidogo. Anamaliza.

— Anamaliza nini? Ile puli ni ya nani?

Ngalula akakaza mugongo ku mulango.

— Muniambie, mumoja akasema nyuma, ni nani anatumika wakati bengine banalia, kama si mulozi mwenye kumuroga?

Lile neno likitoka tu, jiwe likaanguka ku mabati. Kisha lingine.

Ndani, chuma kilikuwa kinasagika polepole. Fonte inachongwa kavu, bila mafuta. Vumbi nyeusi ilikuwa inamwangika ku miguu ya Gérard kama masizi. Alisikia yote. Hakuzima.

— Gérard, Ngalula akaita bila kugeuka, banaingia.

Djo akamusukuma, akapita, akanyanyua mutalimbo juu ya mashini. Ndipo Gérard akazima mwenyewe, akainua mikono.

Ikawa kimya. Nyuma ya mashini, ku magunia, muntu akashituka katika usingizi. Mwanamuke muzee, kitambaa cha kilio ku kichwa.

Ni mama ya Djo.

— Usimufokee Gérard, akasema. Ni mimi nilitoka, ni mimi nilimuomba awashe. Ikilia, naona ni kama Liévin iko ku kazi.

Djo akaweka mutalimbo chini. Akaenda kufunga mulango, bale ba inje basione.

— Papa Gérard, akasema, washa.

Mashini ikalia. Mama akaegemesha kichwa ku ukuta, akalala.