Kicheko cha Hamdani

Sheria haituruhusu kutunza sauti za marehemu wetu wenyewe. Ile mashine kubwa ya kampuni iliyokuwa ikiweka sauti za wote haipo tena. Siku hizi kila nyumba ina kisanduku chenye vipande vya sauti za marehemu wa majirani. Ndiyo maana kila Ijumaa napiga hodi nyumba tano zenye vipande vya mume wangu: "Washeni, namsikiliza Hamdani." Kisha marehemu mume wangu husema kwenye simu yangu, "Mwaja, sukari umesahau tena," na kucheka kicheko chake cha kukohoakohoa. Kicheko kinatunzwa kwa Sekiboko, jirani yangu wa ukuta mmoja.

Leo nilimpelekea mkate wa kumimina huku simu ikisema mkononi. Mlango wake ulikuwa wazi. Kisanduku kilikuwa mezani, kimeungua, kimejaa vumbi la miezi. Sekiboko alikuwa ameinamia kipaza sauti, anacheka kicheko kile kile cha kukohoakohoa.

Nilirudi kinyumenyume, nikasubiri kidogo, ndipo nikabisha.

"Umemsikia, shemeji?" akauliza.

"Nimemsikia. Asante kwa kuwasha."

Nikampa kipande kikubwa kuliko cha siku zote.

Nyumbani nimejaribu kukikumbuka kicheko cha Hamdani. Kinachonijia ni cha Sekiboko.