Saa Tatu Zilizobaki

Rukia alikuwa amemaliza shahada mbili na kufaulu mitihani yote. Ili apewe leseni ya kupima usikivu, zilibaki saa tatu tu za mazoezi chini ya msimamizi wake, Daktari Mwinyihija.

Asubuhi hiyo hapakuwa na mgonjwa. Daktari akaingia mwenyewe kwenye chumba cha kupimia, akavaa vipokea sauti masikioni.

"Nipime mimi, mwanangu," alisema. "Usinionee haya."

Rukia alipiga mlio wa kwanza. Kidole cha Daktari kilibaki juu ya kitufe cha kubonyeza kila anaposikia. Rukia akaongeza sauti, akaongeza tena. Kwenye milio myembamba mzee hakubonyeza hata mara moja. Alimtazama tu kupitia kioo.

Alipotoka aliuliza, "Vipi?"

"Husikii vizuri, Daktari. Masikio yote mawili." Alisema ameinama; ilimbidi ainue uso arudie kwa sauti kubwa.

"Tangu mwaka jana," alisema mzee. "Nimekuwa nikisoma midomo yenu. Ukiyaandika hayo, leseni yangu itafutwa, na saa zako za mwaka mzima zitafutwa nayo. Utaanza upya."

"Na wale watoto uliowapima kwa kusikiliza wakirudia maneno, ukawaambia ni wazima?"

Daktari aligeukia mlango. Pengine hakusikia.

Rukia alivuta karatasi ya matokeo, akaanza kuchora mstari wa sikio la kulia. Ulishuka taratibu, kisha ukaporomoka hadi chini. Mzee alivua koti lake jeupe, akalikunja, akasimama amelishika asijue pa kuliweka.