Mstari Uliomchekesha Babu

"Nisomeeni ule mstari uliomchekesha babu yenu," bibi alisema, bado ameelekea ukutani. Tangu tumzike babu, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza.

Dada akanigeukia. "Haya, karani, Biblia ya simu si unayo wewe?"

Babu alipokuwa akitusomea Biblia, nilikuwa naandika maelezo yangu humo, pembeni ya mistari. Dada alinitania kwa sababu sikuandika mada za somo. Niliandika yaliyotokea: babu kasinzia, babu kakohoa.

Nikatafuta "kacheka". Kidole kiliacha jasho kwenye kioo. Likaja jibu moja tu.

Nikaanza kusoma kwa kunong'ona. Bibi akageuka, akaketi, akaumalizia mstari mwenyewe kabla sijafika mwisho.

"Huo huo!" alisema. "Rudia, mjukuu wangu. Kwa sauti!"

Nikasimama. Nikasoma mpaka majirani wakasikia.