Sauti ya Marehemu

Seremala alikuwa ameshavuka mtaro, simu kuukuu mfukoni, mkewe alipomwita tena kutoka mlangoni.

"Bwana wewe! Mwambie fundi aitunze hiyo rekodi. Imo humo tu, sina nyingine."

"Nimesikia."

"Na aondoe kelele. Marehemu nimsikie vizuri."

"Nimesikia, mama. Sina pamba masikioni."

Akaenda zake, moyo ukimchoma kama aliyemeza kaa la moto.

Marehemu! Tangu amwoe mjane huyu, Seremala alikuwa na mume mwenza, tena wa kaburini. Mwanamume aliye hai unaweza kumvizia njiani mkaulizana. Wa kaburini utamfanya nini? Hakoromi, hanuki jasho, haulizi chakula kiko wapi. Kila siku anazidi kuwa mwema.

Tena alikuwa mtangazaji. Enzi za uhai wake alijinoa nyumbani, akiisomea simu hiyo habari za kubuni kwa sauti nzito, laini, kama bawaba iliyotiwa mafuta. Sauti ya Seremala ilifanana na msumeno uliokutana na msumari. Na kila jioni mkewe aliketi kitandani, akavaa hedifoni, akafumba macho. Akitoka hapo, macho mekundu.

Seremala hakuuliza kitu. Anayeuliza hujibiwa. Siku moja tu, mke akiwa anaoga, alizivaa yeye hizo hedifoni, akamsikia bwana yule akitangaza bei ya saruji kana kwamba anaposa.

Fundi wa sauti alifanyia kazi chumbani kwake, magodoro yameegemezwa ukutani, blanketi dirishani. Alizima feni kabla ya kusikiliza, jasho likaanza kumtiririka.

"Mzee, huyu jamaa ana sauti! Ni nani wako?"

"Mtangulizi wangu."

"Kazini?"

"Nyumbani."

Fundi akakohoa. "Sasa, nyuma yake kuna vurugu. Maji ya bomba, sufuria zinagongana, kuku, mtu anaimbaimba. Nitoe zote, abaki yeye?"

Seremala aliitazama mistari iliyorukaruka kwenye kompyuta. "Mashine inajuaje kelele ni ipi?"

"Haijui. Naionyesha mimi. Nikiiambia hii ndiyo kelele, inafuta. Mashine haina ndugu."

"Basi ionyeshe yeye."

"Nani?"

"Huyo anayetangaza. Yeye ndiye kelele. Hayo mengine yaache."

Fundi akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Mzee wangu, watu huniletea mtu nikamtolea bomba. Hajaja hata mmoja kuniambia nimtoe mtu, nimwachie bomba."

"Leo amekuja. Na ile ya zamani uifute, hii mpya ikae mahali pake."

"Ikifutwa hairudi."

"Mwenyewe pia hakurudi."

Haikuwa kazi nyepesi. Sauti ile iling'ang'ania kama msumari wenye kutu, ukiuvuta huku unajikunja kule. Mwishowe fundi akampa asikilize. Mtangazaji hakuwapo, hata pumzi yake.

"Haya," fundi akasema, "umebaki na jiko."

"Jiko ndilo nililooa."

Alitoka pale kifua mbele. Lakini kadiri alivyokaribia nyumbani ndivyo ushujaa ulivyomtoka, na alipofika kwenye mtaro alikuwa akitembea kama mtu aliyeua. Angesema mashine imeharibika. Angesema ameporwa simu. Uongo wote ukamkauka mdomoni. Alimkabidhi mkewe simu, akaenda karakana yake nyuma ya nyumba, akakaa juu ya meza ya kupigia randa akingoja kufukuzwa. Kichwani alishafungasha: sanduku moja la zana, jingine la nguo.

Mlango ukalia. Mkewe alisimama pale, hedifoni shingoni, uso umelowa chapachapa. Seremala akainuka apokee chake.

Akakumbatiwa. Vumbi la mbao na yote, akakumbatiwa kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzionja tangu aoe.

"Umejuaje?" mke akalia kifuani pake. "Mimi sikukueleza. Umejuaje, baba?"

Seremala, ambaye hakujua kitu, alisema kwamba mume si lazima aambiwe kila jambo.

Fundi wa sauti alikuja kuhamia chumba kikubwa zaidi, na mpaka leo huwasimulia wateja habari za mzee aliyetaka bomba. Seremala hakuwahi kukiri. Alipungua maneno, akaongeza unene. Mtangazaji amebaki makaburini, kimya. Na mama yake mke, aliyekuwa akiwaoshea vyombo siku mtangazaji alipojirekodi, kisha akafariki bila kuacha hata picha, sasa anaimba kila jioni ndani ya simu kuukuu, wala hakuna mwanamume wa kumkatiza.