Kopo Lisilo na Nafaka

Kuku mmoja mlafi aliishi ua mmoja na Mbwa, na kila siku aliutolea macho ugali wa dona aliopewa mwenzake.

"Ndugu yangu, nafaka zinakuharibia tumbo," alimwambia. "Chakula chako ni kile cha kopo kisicho na nafaka. Ugali niachie mimi, tumbo langu limeshazoea."

Siku bwana wao alipoleta kopo la chakula hicho, Mbwa, ambaye hakuwa mwepesi wa kuamini, alilipeleka kwanza kwa Kasuku aliyejua kusoma.

"Hakina mahindi, hakina mchele, hakina ngano," Kasuku akasoma.

"Si nilikwambia?" akasema Kuku, mdomo umeshazama kwenye ugali.

"Hapo umenisomea kisichokuwemo," Mbwa akamwambia Kasuku. "Sasa nisomee kilichomo."

Kasuku akaligeuza kopo. "Nyama ya kuku. Maini ya kuku. Supu ya kuku. Na dengu kidogo."

Mbwa akalamba midomo. Kuku akaacha kudonoa, akaisukuma sahani ya ugali polepole mpaka miguuni pa Mbwa.

"Kula, ndugu yangu," akasema. "Nimeuonja mwenyewe. Hauna neno."