Kibao cha Mlangoni

Siku hiyo msimamizi wa usafi alimruhusu Sikudhani kutoka mapema, jua lingali linawaka. Akaenda nyumbani mbio na kipande cha keki kilichobakizwa na wageni wa hoteli, amekifunga kwenye tishu.

Kwenye kitasa cha chumba cha Zaina, bintiye, kilining'inia kibao: USISUMBUE. Sikudhani mwenyewe ndiye aliyekileta kutoka hotelini, kiwe mchezo wa mtoto. Ndani, Pili, mdogo wake Sikudhani anayemlelea mtoto, alikuwa akimsuka Zaina.

"Mama, unaniumiza!"

"Tulia nimalizie, mwanangu."

Juzijuzi tu Zaina alikuwa akimwita Pili mama mdogo.

Sikudhani akabisha.

"Nani?"

"Usafi." Neno lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka kutwa kwenye milango ya watu.

Ndani wakaangua kicheko. Kisha Zaina akakaza sauti kama mgeni mwenye hela zake. "Kwani huoni kibao? Njoo baadaye!"

Sikudhani akasubiri kidogo. Mlango haukufunguliwa.

"Sawa, madamu," akasema.

Akaiweka keki sakafuni kando ya mlango, akazinyoosha ncha za tishu, akaondoka akinyata, kama alivyofundishwa.