Hodi ya Dirishani

Kila asubuhi, mlango wa Bi Saumu ulimpiga picha kabla ya kumfungukia: mifupa, mapafu, ini, vyote. Ndiyo ilikuwa sheria ya mji, eti ugonjwa ukamatwe mapema. Kila mkazi alivaa beji nyeupe kifuani, nayo ingegeuka nyekundu mionzi ya picha hizo ikimzidi. Miaka sita sasa, beji ya Bi Saumu ilikuwa nyeupe pe.

Binti yake Mwanaisha alipopata mimba, Bi Saumu aliingiwa na wasiwasi. Akaivua beji, akaining'iniza kwenye fremu ya mlango, palepale mionzi inapotokea. Akaiacha mwezi mzima.

Leo fundi wa milango alikuja kukagua.

"Hodi!" Sauti ilitoka dirishani, kama kawaida yake.

"Karibu ndani, fundi."

"Ahsante, mama, hapa hapa panatosha."

"Kila ukija, panatosha hapo hapo. Mlango wangu una nini?"

"Hauna kitu, mama. Beji yako si nyeupe?"

"Nyeupe. Na imekaa mlangoni mwezi mzima." Akaitoa kwenye pindo la khanga, akamwonyesha. "Fundi, hii ni beji au kifungo cha shati?"

 Macho ya fundi yalimpita Bi Saumu, yakatua kwenye tumbo la Mwanaisha, aliyekuwa akijifunga buibui atoke. Akatazama huku na huku barabarani, kisha akashika nondo za dirisha, akazitikisa taratibu.

"Mama," akanong'ona, "hizi zinang'oka?"